Akiba ya Pindo

Mimi Vahram, fundi cherehani wa Burji Hamudi,
ghorofa ya pili, juu ya duka la nyama kavu,
nimeupima mabega ukoo mzima wa Jarwan.
Babu, Fawaz Bei: inchi kumi na tisa,
bega la kushoto limeshuka
kwa uzito wa bastola aliyosema hana.
Baba, Asaad: ishirini kamili.
Nilipofika kiunoni alicheka,
akasema, "Andika unene wa mwakani."

Nizar aliletwa ana miaka saba.
Suti nyeusi, maziko ya babu.
Hakulia. Alikuwa na biskuti mkononi
na makombo yake nikayakuta wiki nzima
chini ya meza ya kukatia.
"Mwachie kitambaa," baba yake alisema, "huyu atakua."
Nikamwachia vidole vinne kwenye pindo.
Kile kinachokunjwa ndani kisionekane
sisi mafundi twakiita akiba.

Akakua.
Akapelekwa Lozani kusomea hesabu za watu wengine,
akaniletea vipimo kwa barua, mwandiko mzuri.
Asaad alipoanguka bafuni,
kiti cha bunge kilikuwa bado na joto lake;
Nizar alikikalia kabla hakijapoa,
kwa koti nililolimaliza saa tisa za usiku,
uzi wa bluu kwa sababu mweusi uliniishia.
Hakuna aliyeona.

Kwanza Wizara ya Simu. Kisha Barabara.
Kisha Fedha, na hapo ndipo alipoomba
mfuko wa pili wa ndani.
Shemeji benki kuu, binamu bandarini,
mjomba mahakamani: Jumapili mlimani kwao
bajeti ilipita kabla saladi haijafika.
"Lira yetu ina mizizi," alisema kwenye runinga,
"kama mierezi."
Koti lilimkaa vyema.
Mimi siwezi kushuhudia zaidi ya hapo.

Siranush, mke wangu, alikuwa na kitabu cha benki:
dola elfu arobaini na moja,
vifungo, zipu, magauni ya harusi za wasichana
ambao leo wana wajukuu Montreali.
Oktoba benki ikaweka mabati mlangoni.
Akiba haiozi, husemwa.
Kweli, yetu haikuoza.
Ipo. Tarakimu ziko pale pale, safi, hazinuki.
Hazitoki tu.
Kila Jumanne Siranush hujipanga foleni na mwavuli,
hurudi na noti za kutosha mkate na betri.

Waziri alijiuzulu Ijumaa moja, suti ya kijivu.
Miezi minane baadaye akaapishwa tena,
wizara ile ile, suti ile ile;
nilichofanya ni kupunguza kiuno.
Nchi ilikuwa imekonda.
Yeye aliniambia ni mazoezi.

Sikumuuliza kuhusu dola zetu.
Nilikuwa na pini sita mdomoni.
Siranush hakubali sababu hiyo:
"Pini hutemwa," asema.

Juzi umeme ulikatika, akapanda ngazi kwa miguu
na walinzi wawili wakihema,
na mtoto. Rawad. Miaka saba.
Arusi? Hapana, maziko; mjomba wa mahakamani.
Mtoto alisimama wima kama alivyofunzwa,
mikono ubavuni, akitazama chaki yangu.
"Inafutika?" akaniuliza.
"Inafutika," nikamwambia.
Inchi kumi na moja na nusu. Mabega ya mtoto tu,
hayajabeba mtu.

Nyuma yangu, kwenye kioo, Nizar alisema,
kwa sauti ya Asaad kabisa,
"Mwachie kitambaa."

Nilimwachia vidole viwili.
Viwili vingine nilivikata,
nikavitia mfukoni.
Ni sufu nzuri, ya Italia.
Siranush ameshona kishikio cha sufuria.